Pumzi ya Msimulizi

Ubao wa Najma ulikuwa umejaa, isipokuwa mstari mmoja, na mstari huo ndio uliokuwa ukiwasimamisha watu mbele ya duka lake tangu asubuhi.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, la kurushia muvi, pale Kiwalani kwenye njia ya kuelekea Kipawa. Watu walikuja na flashi zao, wakachagua tamthilia na filamu kwenye kompyuta, wakarushiwa, wakaenda kutazama majumbani kwao. Lakini kila mwaka, siku moja kabla ya kutangazwa majina ya wanaowania Tuzo za Pazia, duka liligeuka kijiwe. Najma alitoa nje ubao mweusi, akaandika kwa chaki nani ataingia na nani ataachwa, na mtaa mzima ukaja kubishana. Hakuwa mganga. Alikuwa anatazama kila filamu ya nyumbani iliyotoka mwaka ule, nzuri na mbovu, hata zile ambazo waigizaji wake wenyewe wangeomba zisitazamwe, na sharti lake lilikuwa moja tu: filamu ambayo hajaiona haiingii ubaoni.

Filamu Bora alishaandika. Mwongozaji Bora alishaandika. Kwenye Mwigizaji Bora wa Kike alimweka yule mama aliyecheza shangazi mchonganishi katika *Mahari ya Kaka*, na wanawake wa mtaa wakampigia vigelegele. Mstari wa mwisho ulisema *Msimulizi Bora*, na mbele yake palikuwa patupu.

"Sista, mbona unatuweka roho juu?" aliuliza muuza miwa, mkokoteni wake ukiwa umeziba nusu ya mlango. "Mwandike Talha tuondoke. Nani asiyejua kama ni Talha?"

"Nitaandika jioni."

"Jioni ya leo au ya kiama?"

Watu walicheka. Najma alicheka nao, kisha akaingia ndani, akasimama nyuma ya rafu na kuweka kiganja kifuani. Jina lile lilikuwa bado linamfanya hivyo.

Talha alikuwa mchumba wake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi: anaketi na maiki mbele ya filamu ya ng'ambo, anamsemea kila mtu kwa Kiswahili cha uswahilini, mzee na mtoto, jambazi na hakimu, wote kwa koo lake moja. Kila filamu ikifika mwisho, kabla hajazima maiki, alisema, "Najma, funga duka ukale." Watu walilijua neno lile mpaka Buguruni. Najma akienda sokoni, wauza nyanya walimpigia kelele, funga duka ukale, naye akaona haya na kufurahi moyoni.

Talha alikuwa na pumu tangu utotoni. Kila alipomaliza maneno machache kifua kilimpiga mluzi mwembamba, na mluzi huo ulisikika kwenye filamu zake zote. Wateja waliuzoea wakauona sehemu ya muziki. Mahari ilikwishapelekwa, harusi ilipangwa baada ya mfungo. Pumu haikusubiri. Ilimchukua alfajiri moja ya mvua, njiani kwenda hospitali, na sasa ilikuwa inakwenda miaka miwili.

Mtu mwingine akifiwa, hufungua kabati akakutana na shati. Najma alifiwa na mtu aliyekuwa akiongea kwenye madirisha ya watu. Alikwenda kununua vitunguu, akamsikia Talha kwenye saluni. Alikwenda kusuka, akamsikia kwenye mgahawa wa jirani akiwa jemadari wa vita. Na kila filamu ilipokaribia mwisho, kabla lile neno la kufunga duka halijafika, alikuwa akichomeka spika za masikioni upesi na kuongeza sauti, kwa sababu hakujua atamjibu nini.

Humo masikioni namo alikuwa anamsikiliza Talha. Ila Talha wa aina nyingine.

*

Asubuhi ile, kabla Najma hajafungua duka, baba yake, Mzee Mwinshehe, alimkuta jikoni akichemsha chai, spika moja ikining'inia shingoni.

"Wazee wa yule kijana wa Masasi wamenipigia tena," alisema. "Wanataka kuja Jumapili."

"Nimesikia, baba."

"Mie nina mawili. La kwanza ni dini. La dini lina kikao chake. Ataitwa, ataulizwa, atajibu. Likishindikana, limeshindikana, hakuna ugomvi."

"Na la pili?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye ile spika. "La pili ni huyo. Huyo hana kikao. Siwezi kukaribisha wazee wa watu sebuleni kwangu, niwape kahawa, niwaambie binti yupo, wakati binti mwenyewe ameshikana mkono na marehemu. Nitamdhalilisha mtoto wa mwenzangu."

"Baba, mie nampenda Ferdinand."

"Sijakuuliza kama unampenda. Nakuuliza kama upo." Alichukua kikombe chake. "Kabla ya magharibi uniambie niwapigie waje au niwapigie wasije. Na wasipokuja Jumapili, sitawaita tena, maana mie siyo mtu wa kuchezea watu."

Najma alibaki akitazama chai mpaka ikafurika na kuzima jiko.

*

Ferdinand alifika baada ya alasiri, watu wakiwa wamepungua. Alikuwa fundi sauti, mrefu, mpole kupita kiasi, mtu wa kuongea chini chini kana kwamba muda wote kuna mtu anarekodi. Ndiye aliyekuwa akimrekodi Talha, tena kwa tabu, maana Kiwalani ndege zinapita juu ya mabati na kila ikipita lazima warudie. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Siku ya mazishi alisimama nyuma ya Waislamu wote, kofia mkononi, akalia bila kujificha.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Usianze."

"Nimekuletea kitu." Aliweka flashi juu ya meza. "*Lindo la Pili*. Yote, mwanzo mwisho. Mwenye filamu ameniruhusu. Najua sharti lako, Najma, hujaiona na huwezi kuiandika."

Najma aliiangalia ile flashi bila kuigusa. *Lindo la Pili* ilikuwa kazi ya mwisho ya Talha, na mara hii hakutafsiri ya mtu. Alisimulia filamu ya nyumbani. Ilikuwa hadithi ya mlinzi anayekufa akiwa lindoni, halafu anarudi kila jioni kumlinda mkewe bila mkewe kumwona. Ilikwama kwa kukosa fedha, ikatolewa kionjo tu cha dakika moja, na sasa ndiyo imekamilika na kuonyeshwa mjini. Najma hakwenda. Kila filamu nyingine ya Talha alishaisikia mpaka kuikariri. Hii ndiyo ilikuwa imebaki, na aliogopa kuimaliza, maana akiimaliza Talha atakuwa hana neno jipya la kumwambia tena hapa duniani.

"Safari hii naandika bila kuona," alisema.

"Huwezi."

"Ubao wangu, chaki yangu, Ferdi."

"Usimwandike, Najma." Alisema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. "Nakuomba. Kipengele kile kiache kitupu, au mwandike yule mzee aliyesimulia *Kikao cha Saa Tisa*. Lakini Talha usimwandike."

Najma alimgeukia taratibu. "Kwa nini?"

Ferdinand alishusha macho kwenye flashi.

"Nakuuliza kwa nini? Mama yake anakuja hapa leo kuuliza kama mwanawe yumo. Nimwambie nini? Nimwambie rafiki yake amekataa?"

"Sijakataa..."

"Unamwonea wivu." Najma aliigonga meza kwa kiganja. "Yupo chini ya ardhi, hali, hanywi, na wewe bado unamwonea wivu. Haki ya Mungu, Ferdi, nilikuona mtu mzima!"

Ferdinand aliketi kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. "Wivu ninao," alisema. "Siwezi kukudanganya. Ninao kila nikikuona na hizo spika. Ila ishu siyo hiyo."

"Ishu ni nini?"

"Unasikilizaga nini humo?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Najma alitoa simu, akachomoa waya, akaweka sauti juu. Hakuwa na nia ya kumwonyesha mtu yeyote kitu kile, ila baba yake alikuwa anasubiri jibu, na Ferdinand alistahili kujua anashindana na nani.

Ulianza upepo, hatua za mtu kwenye kokoto, kisha sauti ya Talha, ya karibu, kana kwamba amekaa begani.

*Nikirudi, mke wangu, usiwashe taa, nijue kwa pumzi tu, kama ulivyonijua siku zote kabla sijatamka neno.*

Najma alikuwa amefumba macho.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Hujasikia. Sikiliza tena." Alirudisha. Sauti ilipita tena, ndefu, laini, bila kukatika. "Hakuna mluzi, Ferdi. Amesema maneno yote yale kwa pumzi moja. Wewe ulimrekodi miaka yote, unajua. Talha hakuwahi kumaliza maneno hata sita bila kifua kumpiga mluzi. Sasa sikiliza anavyopumua! Kionjo hiki kilitoka baada ya kuzikwa, nilikuwa siwezi kula, siwezi kulala, namwona anahangaika kutafuta hewa. Nikasikia hiki. Nikasema alhamdulillahi, Mungu amemponya. Huko aliko anapumua." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ndiyo maana siwezi kumwachia. Mtu mwenyewe ananiita vizuri namna hii, mie niolewe niende wapi?"

Rangi ilikuwa imemtoka Ferdinand usoni. Alitazama mlango, akatazama flashi juu ya meza, na Najma akaona jambo ambalo hakulielewa: yule mwanaume alikuwa anaogopa.

"Hodi humu," ilisema sauti mlangoni.

*

Bi Mwajabu, mama yake Talha, alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mzaliwa wa Dar tangu babu zake, mwenye kanga safi daima na macho yaliyochoka. Bado alimwita Najma mkwe. Hakuna aliyemwambia aache na yeye hakuuliza.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Mkwe wangu, nimepita ubaoni. Naona pale chini hujaandika. Mwanangu hayumo mwaka huu?"

Bi Mwajabu aliona flashi, akaona nyuso zao, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Ndiyo hiyo filamu yenyewe?"

"Ndiyo, mama," alisema Ferdinand.

"Basi iwekeni. Mie mjini sikwenda, miguu hainipeleki. Nataka kumsikia mtoto wangu."

Kumkatalia mama wa marehemu hakuwezekani. Najma alichomeka flashi. Alifunga nusu ya mlango ili jua lisipige kwenye kioo, akaketi chini kwenye mkeka, karibu na magoti ya Bi Mwajabu. Ferdinand alibaki amesimama, mgongo ukutani.

Talha alianza kusema, na mluzi ulikuwepo.

Ulikuwepo kuanzia neno la kwanza. Mlinzi alikuwa anasimulia maisha yake, na kila baada ya maneno machache kifua cha Talha kilipiga filimbi ile nyembamba, na nyuma yake, mbali, ndege inashuka uwanjani Kipawa. Najma aliuma kidole. Huyu hakuwa Talha wa masikioni mwake. Huyu ni yule hasa, aliyekaa kitandani ameinama mbele, aliyekuwa akitania huku anatafuta kichupa chake cha dawa mfukoni. Bi Mwajabu alikuwa akizungusha tasbihi bila kuomba chochote, anausindikiza tu mluzi kwa kichwa.

"Alikuwa na homa siku hiyo," alinong'ona. "Namsikia."

Filamu ilikwenda. Mlinzi alikufa, akarudi, akakaa nje ya dirisha la mkewe jioni baada ya jioni. Mke alianza kupokea wageni, akaanza kucheka tena. Sauti ya Talha ilizidi kuchoka. Mluzi ulizidi, mpaka Najma akawa anavuta hewa kwa niaba yake.

Kisha mluzi ukakatika.

Ilikuwa sehemu ya mwisho kabisa, mlinzi akiwa ameshika kitasa cha mlango. Sauti ilikuwa ileile, uzito uleule, namna ileile ya kuvuta maneno kama mtu anayetabasamu, ila kifua kilikuwa kizima. *Nikirudi, mke wangu, usiwashe taa...*

"Umesikia, mama?" Najma aligeuka, uso umelowa, unang'aa. "Hapa ndipo. Hapa alikuwa amepona."

Bi Mwajabu hakumtazama yeye. "Mwanangu hakupona hata siku moja," alisema polepole. "Nimelala na kifua kile ubavuni tangu akiwa wa kunyonya. Kwa kifua kile nilijua kukicha, nilijua mvua inakuja." Aliinua macho mpaka ukutani. "Ni wewe, baba?"

Ferdinand aliteleza na ukuta mpaka akachuchumaa.

"Ni mimi, mama."

Kwenye kioo mlinzi alikuwa anaondoka, na majina yalianza kupanda. *Msimulizi: Talha.* Hakuna jina jingine.

"Zilibaki karatasi tatu za kusimulia," alisema Ferdinand. "Tulipanga amalizie Jumatatu. Jumatatu tukawa makaburini. Mwenye filamu akataka kumtoa, atafute mtu mwingine asimulie upya yote. Mie nikasema hapana, sauti ya Talha haifutwi. Tangu shule nilikuwaga namuigiza, yeye mwenyewe alikuwa ananiambia akikohoa nimpokee. Nikaingia chini ya blanketi na maiki, nikampokea. Nikasema jina libaki lake peke yake. Ndiyo maana nilimwomba Najma asimwandike, nisimpe rafiki yangu tuzo ya sauti yangu. Sikujua kionjo kitakatwa kutoka hapohapo. Na kuhusu Najma..." Alimgeukia. "Sikujua unasikiliza hiki. Naapa kwa Mungu. Nimejua leo, hapa."

Najma alikuwa amesimama. Alikuwa anaitazama simu mkononi mwake kana kwamba imemng'ata.

"Miaka miwili," alisema. "Nimelala na sauti yako sikioni, sina ndoa na wewe, sijui kama ni wewe. Nimekuitikia gizani. Nimekuambia mambo ambayo..." Aliifunika simu kwa kiganja. "Umemuua mara ya pili, Ferdi. Alikuwa anapumua. Nilikuwa nimeshaamini kwamba anapumua!"

Alisukuma mlango, akatoka nje.

*

Nyuma ya duka kulikuwa na uchochoro, ndoo ya maji na kamba ya nguo. Hapo ndipo Bi Mwajabu alipomkuta, amekaa juu ya tofali, mtandio umemdondoka mabegani.

"Siku ile ya hitima ulinisikilizisha kile kipande," alisema Bi Mwajabu. "Unakumbuka? Nilijua palepale kuwa si Talha."

Najma aliinua kichwa. "Ukaninyamazia, mama?"

"Ulikuwa umetabasamu. Tangu msiba ulikuwa hujatabasamu. Nikasema, kesho nitamwambia. Kila nikikuona, kesho. Sasa ukitaka kumkasirikia yule kijana, nikasirikie na mie, tugawane."

"Niwakasirikie wangapi? Mie nimebaki na nani?" Sasa alilia kwa sauti, bila kujali majirani. "Nilidhani yuko salama. Kumbe nilichosikia ni mapafu ya mtu mwingine. Talha wangu bado anahangaika, mama, kwenye kila dirisha la mtaa huu anahangaika!"

"Hahangaiki. Kile ni kivuli cha kazi yake. Mwenyewe amepumzika, tena hakuhitaji maiki ya mtu kumpumzisha." Bi Mwajabu aliketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, akahema kidogo. "Sikiliza, mkwe wangu. Ungekuwa mke wa mwanangu, tungekukalisha eda. Na siku ya kutoka tungekuogesha, tungekuvisha, tungekwambia basi, toka nje. Lakini hukuwa mke. Ulikuwa mchumba tu, na mchumba hakalishwi. Kwa hiyo ukajikalisha mwenyewe, na hakuna aliyekuja kukutoa. Hilo ni kosa letu sie watu wazima, siyo lako."

Alichota maji ndooni kwa kiganja, akamwosha Najma uso. Akamfuta kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, polepole, mashavu, paji, macho. Akamrudishia mtandio kichwani na kuuweka sawa.

"Haya," alisema, na sauti yake ndiyo iliyotetemeka sasa. "Nimekutoa, mwanangu. Toka."

Najma aliweka kichwa mapajani mwake. Alisikia kwa mara ya kwanza kwamba hakuitwa mkwe.

*

Walipozunguka mbele, Ferdinand alikuwa ameketi kizingitini, flashi mkononi. Alisimama.

"Nitawapigia wazee wasije," alisema. "Sitaki baba yako aaibike kwa ajili yangu."

"Nani kakutuma?" Najma alimpita, akachukua chaki juu ya fremu ya ubao. Alisimama mbele ya ule mstari mtupu muda mrefu. Muuza miwa aliacha kukamua. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walisimama.

"Usiniandike mimi," alinong'ona Ferdinand.

"Siandiki watu. Naandika nilichosikia. Filamu nimeiona, sasa naruhusiwa." Akaandika kwa herufi kubwa: *Lindo la Pili. Talha, na aliyempokea.*

"Aliyempokea nani tena huyo?" aliuliza muuza miwa. "Sista, hilo kwenye tuzo halipo!"

"Basi kesho watakosea wao."

Bi Mwajabu alisoma ubao, midomo ikifuata herufi. Aligusa jina la mwanawe kwa ncha ya kidole, akajipaka chaki ile kiganjani. "Jumapili nitakuwepo kwenye hicho kikao," alisema. "Nitakaa upande wa nani, sijui. Ila nitakuwepo." Akaondoka zake taratibu kuelekea kwake, bila kugeuka.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati. Ferdinand aliingiza ubao ndani, akazima kompyuta, akakunja mkeka. Najma alimtazama akifanya hivyo. Hasira ilikuwepo bado, na aibu ilikuwepo, na chini yake palikuwa na kitu kingine kilichomtisha zaidi: kwamba kifua kile alichokuwa akikilalia gizani kilikuwa hapa, hatua chache, kina joto.

"Ferdi. Njoo."

Alikuja. Najma alikaribia, bila kumgusa, akageuza sikio upande wa kifua chake na kutulia. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka, nzima, bila kelele.

"Usije ukaniigizia tena," alisema. "Hata kwa mzaha. Hata nikikuomba. Na kuna siku nitakuomba."

"Sauti yangu mwenyewe haivutii, Najma."

"Nitaizoea."

Alitoa simu, akampigia baba yake. "Baba, mie nipo," alisema. "Wapigie waje."

Alipokata, ndipo iliposikika, kutoka saluni ya jirani. Filamu ya zamani ilikuwa inafika mwisho. Bunduki zilikuwa zimenyamaza na muziki wa kumalizia umeanza. Mkono wa Najma ulikwenda shingoni kutafuta spika, kama kawaida yake. Ferdinand aliona. Mkono ukasimama hapohapo, ukashuka.

"Najma," alisema Talha, na kifua kikapiga mluzi, "funga duka," mluzi tena, mrefu, unaouma, "ukale."

Alisubiri mpaka muziki ukaisha na mtu akazima.

"Nafunga, Talha," alisema, akageuza ufunguo.